Nani Anashika Pesa Mzigo Ukiwa Njiani

Kwa robo karne, kampuni kubwa za Marekani zimeingia katika nchi za Asia zikiwa na pesa, uzoefu na jina, na mara nyingi zimetoka, au zimebaki nyuma ya kampuni ambazo miaka michache kabla hazikujulikana hata nje ya mji zilikozaliwa. Uchina ilipata Taobao na Alipay, Korea Kusini ikapata Naver na Kakao, Indonesia ikapata Tokopedia na Gojek, India ikapata Flipkart, Iran ikapata Digikala. Maelezo yanayotolewa haraka ni mawili. Moja linasema serikali ziliwajengea watoto wao ukuta. Jingine linasema watu wa Asia wana ladha na desturi zao ambazo mgeni hawezi kuzielewa. Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini ushahidi unapokusanywa nchi baada ya nchi unaelekea kwingine. Kampuni za nyumbani zilishinda pale zilipokubali kubeba kazi moja ambayo wageni hawakutaka kuibeba: kusimama dhamana kati ya muuzaji na mnunuzi wasiojuana, katika nchi ambamo benki, posta na mahakama zilikuwa hazijaifanya kazi hiyo kwa watu wa kawaida. Dhamana hiyo ndiyo mtaji wao mkuu, kuliko mitambo na kuliko matangazo. Na kwa kuwa ni mtaji, inauzwa, inatumiwa vibaya, na inaweza kufilisika pamoja na aliyeishika.

Kisa cha eBay nchini Uchina kimesimuliwa sana kama pambano la mdogo mjanja na jitu kubwa, na kusimuliwa hivyo kumeficha sehemu yake yenye mafunzo. Mwaka 2002 eBay ilinunua theluthi ya EachNet, kampuni ya minada iliyoanzishwa Shanghai mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikainunua yote. Mei 2003 Alibaba ya Hangzhou ikafungua Taobao. Wengi hutaja kwamba Taobao haikutoza ada, na ni kweli, lakini huduma ya bure peke yake haimfanyi mtu wa Chengdu atume sehemu ya mshahara wake kwa asiyemjua huko Guangzhou. Kadi za mkopo zilikuwa chache, na hakuna anayekwenda mahakamani kwa sababu ya simu moja mbovu. Mwishoni mwa mwaka 2003 Taobao ikaleta Alipay. Mnunuzi analipa, pesa zinakaa kwa mtu wa kati, muuzaji anaarifiwa atume mzigo, mnunuzi anapokea na kukagua, ndipo pesa zinaachiwa. Muda mfupi baadaye ikaongeza programu ya mazungumzo, ili mnunuzi amhoji muuzaji, apatane bei, aombe picha nyingine. eBay ilikuwa na sababu ya kuyaogopa mazungumzo hayo, kwa kuwa ilikula ada ya kila mauzo, na wawili wakishapeana namba za simu watamalizana nje ya soko. Kwa hiyo namna yake ya kujipatia kipato iliilazimisha iwatenganishe watu ambao walihitaji kusemezana kabla ya kuaminiana. Juu ya hayo ikahamishia mitambo Marekani, na tovuti ya Kichina ikawa nzito kwa watumiaji wake. Desemba 2006 ikaifunga tovuti hiyo na kuingia ubia na kampuni ya Tom Online.

Mtetezi wa hoja ya ukuta atajibu kwamba Uchina ni Uchina, na kwamba hakuna mgeni aliyepewa nafasi ya haki. Kwa upande wa habari na mitandao ya kijamii ana haki ya kusema hivyo: Facebook na YouTube zilizuiwa mwaka 2009, na Google ikaondoa huduma yake ya kutafuta kutoka Uchina bara Machi 2010 baada ya mvutano na serikali kuhusu uchujaji wa habari. Lakini ukuta huo ulizuia maneno kuliko ulivyozuia bidhaa. eBay haikufungiwa. Amazon iliinunua Joyo, duka la vitabu la Beijing, mwaka 2004, ikauza ndani ya Uchina kwa takriban miaka kumi na mitano, na mwaka 2019 ikalifunga soko lake la wauzaji wa ndani kwa sababu wateja walikuwa kwingine. Iran ni mtihani mzuri zaidi wa hoja hiyo, kwa kuwa pale vikwazo vya Marekani viliwaondoa washindani wote wakubwa. Digikala ilianzishwa mwaka 2006 na ndugu wawili mapacha waliokuwa wakitafuta kamera na kukosa maelezo ya kuaminika, na hatua yao ya kwanza ilikuwa kuandika tathmini ndefu za vifaa kwa Kifarsi kabla mtu hajashawishiwa kununua. Ukuta unaweza kumwondoa mpinzani. Kumleta mteja aliyekwishaibiwa mara moja ni kazi nyingine, na ilibidi ifanywe na mtu.

Korea Kusini na Japani zinaipima hoja ya pili, ile ya desturi. Hazikuifungia Google wala Amazon, na wananchi wake walikuwa na kadi, anwani na intaneti ya kasi mapema. Naver, iliyoanzishwa mwaka 1999, iliishinda Google nyumbani kwa miaka mingi, na mara nyingi husemwa kwamba Wakorea walipenda tu ukurasa uliojaa vitu. Sababu yenye uzito zaidi ni kwamba kurasa za Kikorea zilikuwa chache mno za kutafutwa. Mwaka 2002 Naver ikafungua huduma ya maswali na majibu, ambamo watumiaji waliandika wenyewe kile ambacho hakikuwepo, kwa lugha yao, na injini ya utafutaji ikapata kitu cha kutafuta. Hiyo ni kazi, si ladha. Kule Japani eBay iliingia mwaka 2000, ikataka ada na kadi ya mkopo kwa watu waliokuwa tayari kwenye minada ya Yahoo! Japan, ikaondoka mwaka 2002. Amazon iliingia mwaka huohuo wa 2000 nayo haikuondoka. Leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nchi hiyo, sambamba na Rakuten. Mfano huu hutumiwa kupinga mtu yeyote anayesema wenyeji hushinda. Mimi nauona ukiipa nguvu hoja yangu, kwa sababu Amazon ya Japani ilikubali watu walipe taslimu kwa mleta mzigo au kwenye duka dogo la mtaani linalofunguliwa usiku na mchana, ikajenga maghala yake na kufikisha mizigo kwa wakati. Ilifanya kazi ya mwenyeji, ikapokelewa kama mwenyeji. Hata eBay yenyewe ilidumu Korea kwa miaka ishirini, kwa kuwa huko ilinunua masoko yaliyokwisha kuaminiwa, Auction mwaka 2001 na Gmarket mwaka 2009, hadi ilipoyauza kwa kundi la Shinsegae mwaka 2021.

Indonesia inastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu kule tunaweza kuiona dhamana ikizaliwa mikononi mwa watu kabla kampuni haijaichukua. Kaskus, jukwaa la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 1999 na wanafunzi wa Kiindonesia waliokuwa Marekani, lilianza kama mahali pa habari na soga, likageuka kuwa soko la simu, kompyuta na viatu. Udanganyifu ukafuata, kama unavyofuata kila soko la wasiojuana. Wanachama wakajitungia utaratibu walioufupisha kuwa rekber, yaani akaunti ya pamoja. Mwanachama wa siku nyingi, mwenye jina la kulinda, anapokea pesa za mnunuzi, anamwambia muuzaji atume, anasubiri mnunuzi aseme amepokea, kisha anaziachia na kubaki na ujira mdogo. Hapakuwa na leseni wala sheria ya kuwalinda watu hao. Kilichowafunga ni aibu ya kuharibikiwa jina mbele ya maelfu ya wenzao. Tokopedia, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliingiza utaratibu wa namna hiyohiyo ndani ya mitambo yake, ikawapa dhamana watu ambao hawakuwa na mwenyeji wa kuwadhamini. Gojek ilianza mwaka 2010 na bodaboda ishirini hivi za Jakarta, ambazo huko huitwa ojek, zikiitwa kwa simu kupitia kituo kidogo. Programu yenyewe ilitoka mwaka 2015. Kabla yake abiria na dereva walipatana bei pembezoni mwa barabara, kila mmoja akimshuku mwenzake. Programu iliweka bei kabla ya safari, jina na sura ya dereva, na rekodi ya mwendo wake. Baadaye dereva yuleyule akawa mletaji wa chakula, mchukuaji wa mizigo, na mtu wa kumpa taslimu ili aongeze salio kwenye pochi ya simu, huduma iliyowafaa sana wale wasio na akaunti ya benki. Uber ilifanya kazi katika masoko ya eneo hilo kwa miaka michache, kisha Machi 2018 ikauza shughuli zake za Kusini-Mashariki mwa Asia kwa Grab, iliyozaliwa Malaysia mwaka 2012 na kuhamia Singapore.

India ilifika pale pale kwa njia yake. Flipkart ilianzishwa Bengaluru mwaka 2007 ikauza vitabu, na mwaka 2010 ikaanza kuwaruhusu wateja walipe baada ya mzigo kufika mlangoni. Uamuzi huo ulikuwa ghali: taslimu lazima ibebwe na kuhesabiwa, wateja wengine hubadili mawazo mlangoni, na mizigo hurudi. Mhasibu makini angeukataa. Lakini ndio uliovuta familia ambazo hazikuwahi kununua kitu kwa picha, na ndio uliowalazimisha waanzilishi wapanue huduma yao wenyewe ya usafirishaji. Amazon ilipoingia mwaka 2013 ilikuta mteja wa Kihindi ameshazoeshwa hivyo, nayo ikakubali taslimu. Bangladesh inaonyesha upande wa pili. Huduma ya pesa kwa simu ya bKash, iliyoanza mwaka 2011 ikifuata njia iliyofunguliwa na M-Pesa ya Kenya mwaka 2007, iliwawezesha mamilioni kutuma pesa papo hapo. Kutuma, hata hivyo, ni nusu tu ya shughuli. Kampuni iitwayo Evaly ilichukua malipo ya kabla kwa punguzo kubwa mno, ikawa inalipia oda za zamani kwa pesa za wateja wapya, na mwaka 2021 ikaanguka huku watu wengi wakidai bidhaa zao. Serikali na benki kuu zikaweka kanuni kwamba pesa za mnunuzi zishikiliwe hadi apokee mzigo. Kanuni hiyo ni rekber ileile ya Kaskus, sasa ikiwa na muhuri wa dola.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linahusu hilo neno "nyumbani". Mtaji wa kampuni hizi ulitoka wapi? SoftBank ya Japani iliweka dola milioni 20 ndani ya Alibaba mwaka 2000, na Yahoo ya Marekani ikaweka dola bilioni moja mwaka 2005. Naspers ya Afrika Kusini ilinunua karibu nusu ya Tencent ya Uchina mwaka 2001. Lazada na Daraz, masoko ya mtandaoni ya Asia, zilianzishwa mwaka 2012 na Rocket Internet ya Ujerumani, ambayo mwaka huohuo ilishiriki kuianzisha Jumia barani Afrika, na masoko hayo mawili ya Asia yakaishia mikononi mwa Alibaba. Shopee, iliyoizidi nguvu Tokopedia nchini Indonesia, ni ya Singapore. Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu yake kubwa. Utaifa wa mwenye hisa haukuamua nani atashinda. Aliyeifanya kazi ya dhamana ndiye aliyeshinda, na Shopee iliifanya kwa kushikilia pesa hadi mzigo ufike na kubeba nauli ya mizigo nchi baada ya nchi. Lakini kukubali hilo kunafungua mlango wa jambo zito zaidi. Ikiwa dhamana ndiyo thamani ya kampuni, basi anayeinunua kampuni anainunua imani ambayo wateja na wauzaji waliijenga pamoja nayo. Amazon ilinunua Souq ya Dubai mwaka 2017 kwa takriban dola milioni 580, na miaka miwili baadaye soko hilo la Falme za Kiarabu likabeba jina la Amazon. Walmart ilitoa dola bilioni 16 mwaka 2018 kwa takriban asilimia 77 ya Flipkart. Uber iliinunua Careem, kampuni ya Dubai ya kuita magari kwa simu, kwa dola bilioni 3.1. Indonesia ilipiga marufuku uuzaji wa moja kwa moja ndani ya mitandao ya kijamii mwaka 2023, TikTok ikalazimika kufunga duka lake, na kabla ya mwaka kwisha ikatangaza kununua asilimia 75 ya Tokopedia na kurudi kupitia mlango huo. Mlango ambao marufuku iliufunga, pesa ziliufungua, na waliokuwa wameweka maduka yao Tokopedia hawakuulizwa.

Wapo wanaosema mteja hajali, na kwamba akipata mzigo wake kwa bei nafuu umiliki ni mambo ya matajiri na wanasheria. Ningekubaliana nao kama dhamana ingekuwa huduma tu. Ukweli ni kwamba anayeshika dhamana anashika vitu viwili ambavyo si vyake: pesa za watu zikiwa njiani, na sifa za watu zilizokusanywa kwa miaka. Kuhusu pesa, Korea Kusini ilipata funzo chungu Julai 2024, pale TMON na WeMakePrice, masoko mawili yaliyozaliwa Seoul na kununuliwa na Qoo10 ya Singapore, yaliposhindwa kuwalipa wauzaji wao zaidi ya woni trilioni moja. Taratibu zao ziliruhusu malipo kucheleweshwa wiki nyingi baada ya mteja kulipa, na katika wiki hizo pesa hazikuwa kwenye kasha lolote lililofungwa. Maduka madogo yaliyouza kwa uaminifu yakabaki na madeni. Kuhusu sifa, Uchina iliitoza Alibaba faini ya yuani bilioni 18.2 Aprili 2021 kwa kuwalazimisha wauzaji wachague soko moja na kuacha mengine. Muuzaji aliweza kulazimishwa kwa sababu nyota, maoni na historia yake yote vilikuwa ndani ya mitambo ya mwenye soko, na kuhama kulimaanisha kuanza upya kama mtu asiyejulikana. Wala kampuni ya nyumbani haina huruma zaidi kwa kuwa ni ya nyumbani. Alibaba ni ya nyumbani. Kakao nayo ni ya nyumbani, na kituo cha data kilichobeba mitambo yake kilipoungua Pangyo, karibu na Seoul, Oktoba 2022, mazungumzo, teksi na malipo ya taifa zima yalikwama pamoja, kwa kuwa yote yalikuwa yamefungwa kwenye kigingi kimoja.

Ndiyo maana naona hatua zenye maana zaidi zilizochukuliwa Asia katika miaka hii ni zile zilizolenga dhamana yenyewe, zikaacha utaifa wa kampuni. Benki kuu ya Uchina iliagiza kwamba ifikapo Januari 2019 pesa zote za wateja zinazoshikiliwa na kampuni za malipo ziwekwe kwake, riba ya akiba hiyo ikatoka mikononi mwa Alipay na wenzake, na malipo yao yakapitishwa kwenye mtambo mmoja wa pamoja. India ilianzisha mfumo wa malipo wa UPI mwaka 2016 chini ya shirika la malipo la kitaifa, ambapo mwenye akaunti ya benki yoyote anamlipa mwenye akaunti ya benki nyingine kupitia programu yoyote. Indonesia ikafuata mwaka 2019 kwa alama moja ya kulipia inayosomwa na pochi zote. Wakosoaji husema UPI haikuwasaidia wenyeji, kwani programu mbili zinazotawala ni PhonePe, ambayo ni ya Walmart, na Google Pay, na kwamba mpango wa kuweka ukomo wa asilimia 30 kwa kila programu umeahirishwa mara kadhaa. Wanasema kweli, na kuahirisha huko ni udhaifu wa msimamizi. Lakini tofauti na muuzaji wa Alibaba wa miaka ile, muuza mboga wa Pune akichoshwa na PhonePe anaweza kuhama leo mchana, na mteja wa programu nyingine bado atamlipa. Wageni wapo, wanapata faida, na hawawezi kumfungia mtu ndani.

Afrika Mashariki inahusika hapa kwa sababu pesa za simu zilitutanguliza mbele ya nchi nyingi za Asia, na soko la mtandaoni halikufuata kwa kasi ileile. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Biashara kubwa inayoendelea ni ya picha za Instagram na mazungumzo ya WhatsApp, ambamo mnunuzi wa Mwanza anamtumia muuzaji wa Kariakoo pesa kwa simu na kubaki na matumaini, au anakataa kulipa mpaka mzigo ufike, na hatari yote ikamwangukia muuzaji. Tumejenga njia ya kutuma pesa bila kujenga mahali pa kuzishikilia. Kampuni ya simu inajua ni nani katuma na nani kapokea, wakala yupo kila mtaa, basi la usiku linabeba vifurushi hadi wilayani, na bado hakuna mkono mmoja unaouambia upande wowote: subiri, mimi nimeshika. Atakayeuweka mkono huo anaweza kutoka Nairobi, Shenzhen au Singapore, na kwa msingi wa yaliyotokea Asia sitajali sana anatoka wapi, mradi benki kuu iwe imekwishaagiza mapema pesa hizo zikae wapi na kwa siku ngapi.

Upande wa sifa bado haujapata jibu popote. Malipo ni rahisi kuunganisha, kwa kuwa shilingi au rupia ni ileile kila mahali, lakini nyota tano za muuzaji wa batiki wa Yogyakarta zilitolewa na wateja wa Tokopedia, chini ya kanuni za Tokopedia, na Shopee haina sababu ya kuzipokea. Bukalapak, iliyoanza mwaka 2010 na kuingia soko la hisa la Jakarta mwaka 2021, ilitangaza Januari 2025 kwamba inaacha kuuza bidhaa za kushikika na kubaki na vitu kama vocha na tiketi. Maduka yaliyokuwa humo yalipewa muda wa kumaliza oda zao na kuchukua pesa zao. Rekodi ya karibu miaka kumi na mitano ya mizigo iliyofika salama haikuwa na pa kwenda. India inajaribu njia moja, mtandao wa ONDC ulioanza majaribio mwaka 2022, ambamo muuzaji aliyesajiliwa kwenye programu moja anaonekana na mnunuzi wa programu nyingine. Mtandao huo unasukuma oda kutoka programu hadi programu, na hapo ndipo ugumu unapojitokeza: bidhaa ikifika imevunjika, programu ya mnunuzi, ya muuzaji na ya msafirishaji ni za kampuni tatu tofauti, na lazima iandikwe mapema ni ipi kati yake itakayorudisha pesa.